Kuzima historia ya klipubodi kwenye kompyuta ya watu wengi: yaliyonikuta dukani Chake

Asalaam alaykum ndugu yangu. Umeuliza mtaizimaje historia ya klipubodi, yaani orodha ya vitu ulivyokopi ambayo Windows inakuwekea, kwenye kompyuta ya ofisi mnayoitumia watu wanne, maana mwenzenu kabonyeza vitufe viwili tu akakuta barua aliyokuwa anaiandika mwingine. Aliyetangulia kukujibu kakwambia uingie setingi, uzime, basi. Hajakudanganya. Lakini kwa kompyuta ya watu wengi jibu hilo halitoshi, na mie nalijua hilo kwa sababu nililitegemea likaniangusha.

Nina duka dogo la steshenari hapa Chake Chake, Pemba. Nina kompyuta mbili: moja nakaa mwenyewe, ya pili wateja wanajihudumia. Wanakuja wanafunzi wa maombi ya mkopo, vijana wa kutafuta ajira, wazee wenye barua zao wanaotaka kuchapiwa. Kila mmoja anakopi na kupesti: namba ya kitambulisho, namba ya malipo, nywila.

Siku moja, msimu wa maombi, foleni imefika mpaka barazani. Kijana mmoja alitaka kupesti namba yake ya malipo. Kidole kikateleza, badala ya Ctrl akashika kitufe cha Windows kilicho jirani yake, halafu V. Kikafunguka kijisanduku ambacho mie mwenyewe nilikuwa sijawahi kukiona kwenye ile kompyuta. Juu ilikuwapo namba yake. Chini yake nywila ya mama mmoja aliyetoka pale nusu saa nyuma, herufi kwa herufi, na chini ya nywila anwani yake ya barua pepe, jina lake kamili ndani yake. Chini zaidi kipande cha barua ya mzee mmoja akiomba msaada wa matibabu, ugonjwa wake umetajwa.

Kijana akageuka akaniuliza, "Kaka, huyu si mwalimu wetu wa skuli?"

Mwili ulinifa ganzi. Nilimpigia simu yule mwalimu palepale, nikamweleza kweli yote, akabadilisha nywila akiwa bado njiani. Kwa mzee nilikwenda mwenyewe jioni. Baada ya shikamoo nikamwambia kilichotokea. Alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, haya maradhi nimemwambia mke wangu tu." Kisiwa chetu unakijua, habari haichelewi kufika sokoni. Tangu siku ile nikaanza kuichimba hii kitu mpaka nikaielewa.

Historia hii ilikuja na Windows 10, toleo la mwishoni mwa 2018, na Windows 11 inayo pia. Ikiwa imewashwa inahifadhi mpaka vitu 25 ulivyokopi, maandishi na hata picha. Haichagui hiki siri, hiki si siri. Baadhi ya programu za kutunza nywila huweka alama ya kuiambia Windows isiihifadhi nywila unayoikopi kutoka humo, lakini ukiikopi kutoka kwenye daftari la kawaida au kwenye ujumbe, inaingia kama neno lolote. Ukiwasha kompyuta upya vitu hivyo hufutika, isipokuwa vile vilivyowekwa alama ya pini, yaani vilivyobandikwa visifutike. Hapo watu wengi hujidanganya. Laptopu unayoifunga kifuniko jioni na kuifunua asubuhi haijawashwa upya, na ya jana yote yamo.

Kwa hiyo kwanza safisha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, utazame kama kuna kilichopigwa pini. Amri ya kufuta vyote haigusi vyenye pini, kwa hiyo vyenye pini vifute kimoja kimoja. Kwangu nilikuta kimoja, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ya mtu nisiyemjua mpaka leo. Mtu aliibandika pini, kwa kusudi au kwa bahati mbaya, Mungu ndiye ajuaye.

Ukishasafisha, fungua setingi, ingia Sistimu, teremka mpaka Klipubodi, uzime swichi ya historia. Papo hapo iko swichi nyingine ya kupeleka unachokopi kwenye vifaa vyako vingine kupitia akaunti ya Microsoft. Hii kwa kawaida huja imezimwa, lakini itazame. Mie nilikuwa nimeiwasha nikiona inanirahisishia kazi, na nimeingia kwa akaunti moja dukani na nyumbani. Maana yake maneno ya wateja wangu yalikuwa yanasafiri mpaka laptopu ya nyumbani ambayo wanangu wanaichezea.

Sasa lile lililoniangusha. Nilizima swichi, nikatulia. Wiki haijesha nikabonyeza kujaribu, nikakuta imewashwa tena na imejaa. Kumbe ukibonyeza Windows na V wakati historia imezimwa, kijisanduku kinafunguka na kukupa kitufe cha kuiwasha. Mteja yeyote akikigusa, imewaka. Hahitaji nywila wala ruhusa ya msimamizi.

Dawa yake ni kuizuia kwa sera, yaani kanuni anayoiweka msimamizi wa kompyuta, si kwa swichi. Kama Windows yenu ni ya Pro, andika gpedit.msc kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows uifungue (ndiyo programu ya kuhariri sera), nenda upande wa kompyuta, kwenye violezo vya utawala, kisha Sistimu, kisha sera za mfumo endeshi, utakuta sera ya kuruhusu historia ya klipubodi. Iweke imekataliwa. Jirani yake iko ya kuruhusu kupelekana baina ya vifaa, nayo ikatae. Toleo la Home halina gpedit, kwa hiyo utaingia kwenye rejista (regedit), ambako Windows inatunza mipangilio yake: HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\System, utengeneze thamani ya DWORD, yaani aina ya namba, yenye jina AllowClipboardHistory, uipe 0. Kama hujazoea rejista, toa nakala yake kwanza kabla hujagusa chochote. Kisha washa kompyuta upya. Ukirudi kwenye setingi utaikuta ile swichi imefifia, haibonyezeki. Hapo ndipo mie nilipopata usingizi.

Bado kuna moja ambalo kuzima historia hakuliondoi. Kitu cha mwisho kukopiwa kinabaki, kwa sababu hiyo ndiyo klipubodi yenyewe. Mtu wa pili akikaa akabonyeza Ctrl na V, atapesti alichokiacha wa kwanza. Kwa hilo mie nimeweka faili dogo la amri (.bat) kwenye skrini lenye amri moja, echo off | clip, nalibofya mara mbili kila mteja anapoinuka. Ukiona tabu, kopi neno lolote la bure, litakalia mahali pa lile la siri.

Kwenu ninyi wanne wa ofisi moja ningefanya na la zaidi: kila mtu awe na akaunti yake ya kuingilia kwenye kompyuta, na akiinuka aifunge kwa Windows na L. Historia ya mmoja haiingii kwenye akaunti ya mwenzake. Dukani siwezi hilo, watu wanapishana kutwa, lakini ofisini ni kazi ya robo saa. Nywila zilizohifadhiwa ndani ya brauza ni jambo jingine kabisa, na kuzima klipubodi hakuzigusi, hizo zitazame peke yake.

Ukikwama kwenye rejista, niandikie hapahapa toleo la Windows mlilonalo na unachokiona kwenye ile swichi. Usiku baada ya isha huwa nipo.