Jibu: Paneli za jua zisubiri, anzeni na kuta

Umeeleza kwamba kundi lenu la wanafunzi limepata kiwanja na fedha kidogo za kujenga nyumba isiyopoteza nishati, na kwamba nusu yenu wanataka paneli za jua zinunuliwe kwanza. Kwa maoni yangu, paneli zisubiri. Amueni kwanza uelekeo wa jengo, vivuli vya madirisha na tabaka la kuzuia joto katika paa na kuta, kisha ndipo mkokotoe mahitaji ya umeme, ambayo huenda yakawa madogo kuliko mnavyodhani.

Wengi hukosea kwenye maungio, yaani pale sehemu za jengo zinapokutana na hewa huweza kuvuja. Katika mradi niliowahi kushiriki, tulipitisha moshi wa udi kando ya fremu za madirisha, ukatulia. Tulipoufikisha kwenye tundu la bomba la nyaya, ambalo hakuna aliyelikumbuka, ukanyonywa wote. Passivhaus, kiwango cha nyumba zinazotumia nishati kidogo sana kilichoanzia Ujerumani, hakiruhusu hewa ya ndani kubadilika kwa kuvuja zaidi ya mara 0.6 kwa saa nyumba inapopimwa kwa tofauti ya shinikizo la hewa ya paskali 50 kati ya ndani na nje. Si lazima mfike huko, ila pimeni uvujaji kabla ya kupiga lipu, na msisahau njia ya hewa safi, kwa sababu nyumba iliyozibwa bila hiyo huota ukungu.

Kwa kuwa wanafunzi huhitimu, kila kazi ishikwe na watu wawili wa miaka tofauti ya masomo.

Michoro ya msingi na paa ipitishwe na mhandisi aliyesajiliwa. Nyaya na betri mwachieni fundi umeme mwenye leseni, kwani paneli huendelea kuzalisha umeme juani hata swichi kuu ikizimwa.