Utabibu wa vita au askari wa miguu? Jiulize haya kabla hujasaini

Vijana wanaotaka kuingia jeshini huniuliza swali moja: "Afande, niende utabibu au niende askari wa miguu?" Kabla sijajibu, anayeuliza huwa ameshajieleza: anapenda kusaidia watu, au anapenda mapambano. Sababu zote mbili hazinitoshi. Nimekuwa tabibu wa platuni, yaani kikosi kidogo ndani ya kombania ya askari wa miguu, nimelala nao kwenye mahandaki yale yale, na kwa nilivyoona mimi, siku ya mapambano ndiyo kipimo kibovu kuliko vyote. Siku hizo ni chache, na wapo wanaomaliza mkataba bila kuziona. Kazi uipime kwa siku za kawaida, maana ndizo utakazoishi nazo.

Siku ya kawaida ya tabibu huanzia kwenye foleni ya wagonjwa, alfajiri, wenzako wakiwa bado wanafunga kamba za viatu. Mgongo, goti, kuhara, jino, macho mekundu. Wengine wanaumwa kweli, wengine wanatega, na matembezi marefu yakikaribia foleni hurefuka kimuujiza. Anayetega ni rafiki yako, mnalala bweni moja. Sajenti naye amesimama mlangoni anasubiri aone utaandika nini. Ukiwapa wote mapumziko, makamanda hawatakuamini tena. Ukimrudisha mwenye homa akaenda kuanguka juani, hilo ni lako. Na mara nyingi unaamua ukiwa na kipimajoto, mkono wako juu ya paji la uso wake, na basi.

Wanaotega, hata hivyo, ni wepesi kuliko wanaoficha. Jioni moja kwenye mazoezi nilikuwa napita na tochi kukagua miguu. Askari mmoja, hodari kweli, akawa mzito kuvua soksi. Ilipovuka ilivuka na ngozi ya kisigino, na wekundu ulikuwa umeshapanda juu ya kifundo. Alikuwa anakificha kidonda kwa sababu kozi ya makamanda wa seksheni (kikundi kidogo ndani ya platuni) ilikuwa inakaribia na hakutaka jina lake likatwe. Nilimtoa mazoezini usiku ule ule. Alininunia muda mrefu, na sikuwa na la kumwambia zaidi ya nililokwisha kusema. Kama huwezi kununiwa na watu unaowapenda, utabibu utakusumbua kuliko damu. Damu unaizoea.

Askari wa miguu naye ana mambo yake, ingawa picha za matangazo hazimwonyeshi akifanya kazi anayoifanya zaidi: kuchimba, kubeba, kusafisha silaha, kukaa lindo, kungoja. Hasa kungoja. Utalala kwenye majani yenye umande ukivizia mtu ambaye hatakuja, halafu utaamka urudie. Magoti na mgongo hulipa. Lakini kuna wanaochanua huko. Ni watu wanaopenda kazi ya seksheni, kila mmoja akijua mwenzake ataelekea wapi bila kuambiwa, na wanaotaka kusoma ramani, kupanga shambulizi, kisha siku moja kuongoza wengine. Njia ya ukamanda kwa askari wa miguu iko wazi zaidi. Tabibu wa platuni huheshimiwa, ila maamuzi ya wapi platuni iende si yake.

Sasa zile siku chache. Anayechagua utabibu ili aikimbie bunduki amepotea njia. Mafunzo ya huduma kwa majeruhi vitani, yaliyoanza kuandikwa upya Marekani mwaka 1996 na sasa kufuatwa na majeshi mengi, yanasema wazi kwamba risasi zikiwa bado zinapigwa, kwanza jibu mapigo na ujikinge. Tiba pekee inayostahili kusimamisha hayo ni kufunga mkanda wa kuzuia damu kwenye mkono au mguu unaomwaga damu nyingi. Njia ya hewa, kifua na mengineyo husubiri mpaka mfike penye kinga. Kwa hiyo utajifunza kulenga kama wenzako. Watu huniletea habari za Desmond Doss, aliyepewa nishani kuu ya Marekani kwa kuokoa majeruhi wengi huko Okinawa mwaka 1945 bila kushika silaha. Ni kweli, na ndiyo maana anakumbukwa: walio kama yeye ni wachache sana.

Wanaodhani askari wa miguu hahusiani na tiba nao hawajui hali ilivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulichunguza vifo 4,596 vya wanajeshi wa Marekani vitani, kati ya 2001 na 2011. Karibu asilimia 87 walikufa kabla ya kufika hospitali. Kati ya hao, takriban robo walikuwa na majeraha ambayo pengine yangetibika, na katika robo hiyo tisa kati ya kumi waliuawa na kutokwa damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika una dakika chache tu, na tabibu ni mmoja kwa platuni nzima. Wa kwanza kukufikia ni yule aliye ubavuni mwako. Ndiyo maana siku hizi kila askari anafundishwa kufunga mkanda ule, na majeshi kadhaa yana kozi fupi ya kumwongezea askari wa miguu ujuzi wa kuokoa maisha. Ukipenda vyote viwili, njia hiyo ipo, na wengi hawaiulizii.

Lipo swali moja ambalo anayetaka utabibu hana budi kulijibu akiwa peke yake. Mikataba ya Geneva ya 1949, yaani sheria za kimataifa za vita, inamlinda tabibu na kumruhusu kubeba silaha ya kujilinda na kulinda majeruhi wake. Lakini inamtaka pia amtibu adui aliyejeruhiwa kama anavyomtibu wa kwake, na nani aanze kuhudumiwa iamuliwe na hali ya jeraha tu. Maana yake ni kwamba rafiki yako mwenye mkono uliovunjika atakaa akikutazama unamhangaikia mtu aliyekuwa anawapiga risasi muda mfupi uliopita, kwa sababu yule ana tundu la jeraha kifuani linalopitisha hewa. Kuna watu wema kabisa wasioweza hilo. Siwalaumu, ila wasichukue begi la dawa.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka. Cheo cha tabibu hakikuhakikishii platuni: unaweza kupelekwa zahanati ya kambi au hospitali ukakaa huko miaka ukipima presha. Kwa wengine hiyo ni neema. Uliza, na ahadi ya ofisa wa kuandikisha isiyoandikwa kwenye mkataba ichukulie kuwa haipo. Uliza pia urefu wa mafunzo. Katika jeshi la nchi kavu la Marekani, kwa mfano, askari wa miguu hufunzwa kwa wiki 22 mfululizo, na tabibu hupita wiki 10 za ukuruta kisha wiki 16 za fani. Na usidhani ukitoka jeshini utakuwa muuguzi. Cheti unachopata kwa kawaida ni cha huduma ya dharura, kiwango cha chini. Kinakufungulia mlango wa gari la wagonjwa. Uuguzi utausomea upya.

Mdogo wangu akija kuniuliza, ningemtuma kwanza akasome kozi ya huduma ya kwanza ya kiraia, kisha ajitolee mahali penye majeruhi halisi. Kama kilichomchosha ni kelele na damu, hajapata jibu bado, hayo yanazoeleka. Kama kilichomchosha ni kuandika kila alichofanya na saa aliyokifanya, kuhesabu bandeji zilizobaki na kumsikiliza mtu yule yule akilalamikia goti lile lile, basi aende zake askari wa miguu, na aombe ile kozi fupi mapema, kwa sababu nafasi huwa chache na sajenti huwapa walioomba kwanza.