Maswali ya Wasomaji: Tangi la gari la zamani linapovuja

SWALI: Nina Volkswagen Beetle ya 1970. Nikijaza petroli mpaka juu, harufu inatanda ndani ya gari na asubuhi nakuta doa sakafuni, upande wa mbele. Tangi likishuka hadi nusu, doa halionekani tena. Fundi anataka kulishusha alichomelee. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu. Tangi lililotoboka chini huvuja hata likibakiwa na lita tano. Linalovuja likijaa tu lina kasoro upande wa juu, na huko kuna vitu vitatu vinavyochakaa mapema kuliko bati: gasketi ya geji ya mafuta, mpira mnene unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, na vipira vyembamba vya kupumulia. Beetle za kuanzia modeli ya 1968 hujaziwa petroli kwa nje, ubavuni, kwa hiyo mpira huo mnene unao. Ukunje kwa vidole. Ukiona nyufa kwenye mkunjo, umekwisha kazi.

Tangi lenyewe liko mbele, chini ya boniti, ndiyo maana harufu inakufikia kwenye kiti. Toa kila kitu kinachoufunika upande wa juu. Likiwa bado limejaa, lifute kwa kitambaa hadi likauke, kisha paka unga wa chaki kuzunguka geji, kwenye maungio ya mipira na juu ya mshono wa tangi. Endesha polepole, upige kona kadhaa kulia na kushoto. Palipovuja, chaki italoa na kubadilika rangi. Angalia mapema, kwa sababu petroli hukauka upesi na alama hufifia.

Ikiwa ni gasketi ya geji, weka mpya, na skrubu uzikaze kidogo kidogo kwa kupokezana pande zinazotazamana. Anayekaza moja hadi mwisho ndipo ahamie nyingine huupinda ukingo wa geji, na gasketi mpya itavuja vilevile. Silikoni ya kawaida usiiguse hapa: petroli huivimbisha, ikalainika na kuachia. Ukishafika huko, badilisha pia mpira wa petroli unaotoka chini ya tangi. Chagua wenye maandishi SAE J30 R9, kwani petroli ya siku hizi mara nyingi ina etanoli (aina ya alkoholi), na mipira ya aina za kale haiihimili.

Chaki ikionyesha kwamba ni mshono wenyewe, hapo tangi litashuka. Toa kwanza waya hasi wa betri. Fanya kazi nje kwenye upepo, si ndani ya gereji na hasa si juu ya shimo la mafundi: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutiririka na kutuama mahali pa chini. Taa ya balbu ikianguka ikapasuka humo, yatosha kuuwasha. Kizimamoto cha poda kiwe karibu. Mwaga petroli kwenye madumu yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo, kisha fungua boliti nne zinazolishika tangi.

Kuhusu kuchomelea: tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa takribani asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa. Ndani ya tangi lenye mafuta mengi mvuke kwa kawaida huzidi kiwango hicho. Ndani ya lililomwagwa juzi hewa huingia, na mchanganyiko ukafikia kiwango cha kulipuka. Kulisuuza kwa maji hakutoshi, kwa kuwa petroli hujificha ndani ya mshono na chini ya magamba ya kutu, ikapata moto ndipo ikatoka. Matangi mengi ya zamani, zaidi ya hayo, yalipakwa risasi na bati kuzuia kutu, na moshi wake ni sumu. Upako huohuo hupokea vizuri lehemu, yaani madini laini yanayoyeyushwa kuziba, bila kuchomelea. Mshono uliofumuka uzibwe kwa lehemu, tangi likishasafishwa kwa mvuke wa maji, kwa pasi nzito ya shaba ya kulehemu, inayopashwa moto mbali na tangi. Mpe anayetengeneza matangi kila siku.

SWALI: Tangi langu lilikuwa na vitundu vya kutu. Nilimimina dawa ya kuziba ndani, ile ya kuzungusha. Baada ya miezi michache imebanduka kama ngozi, na kabureta inaziba kila mara. Nimekosea wapi?

JIBU: Karibu kila mara kosa liko katika hatua za kabla ya dawa. Dawa hiyo haishiki kwenye mafuta, kwenye kutu inayobanduka wala kwenye unyevu.

Kwanza ing'oe yote kwa kiyeyushi anachotaja mtengenezaji wa dawa. Kupaka mpya juu ya iliyolegea ni kujitafutia maudhi. Kisha tia maji ya moto yenye sabuni kali ya kuondoa grisi pamoja na mnyororo wa chuma wa mita moja hivi, utikise. Mafundi wengine hutia nati. Tangi likiwa na vigawanyo vya ndani utazitafuta nati hizo mpaka usiku. Mnyororo hutoka wote kwa mkupuo. Fuata na asidi ya fosforiki ili kula kutu iliyobaki, usuuze, halafu ukaushe. Hapa ndipo wengi huharakisha. Puliza hewa vuguvugu kwa saa kadhaa, bila moto wala waya unaowaka, na uuguse mshono kwa ndani pale unapofikika: ukihisi unyevu, endelea.

Kwa tangi la lita 40, lita moja ya dawa kwa kawaida yatosha. Ligeuze polepole kila upande, kisha mwaga iliyozidi yote. Dawa ikituama kwenye kona huwa nene, haikauki katikati, na hapo ndipo hubanduka. Pitisha hewa kwenye bomba la kutolea mafuta na la kupumulia kabla haijaganda. Aina nyingi huhitaji siku nne ndipo uweke petroli.

Ukitaka kulipima kama bado linavuja, kwa kulitia hewa na kupaka povu la sabuni nje, tumia pampu ya baiskeli, mipigo michache tu. Kwa shinikizo la baa 0.2 tu, bati la sentimita 50 kwa 50 husukumwa kwa nguvu ya kilo 500 hivi, kwa hiyo kompresa italivimbisha.

SWALI: Tangi likianza kutona safarini, nifanye nini?

JIBU: Kipande cha sabuni kavu ya kufulia. Kisugue kwa nguvu kwenye ufa hadi kijae humo. Petroli haiyeyushi sabuni, ila maji huiyeyusha, kwa hiyo mvua ikinyesha usitegemee. Usikaze skrubu kwenye tundu la kutu: bati la pembeni limeshakuwa jembamba, na tundu la sindano litakuwa la kidole. Ukifika, egesha nje, mbali na jiko.