Alivuta gesi ya jenereta, kidole kilisoma 98, mbona sasa anasahau?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume alikutwa amezimia chumbani, jenereta ilikuwa inawaka kwenye korido nje ya mlango wake. Hospitali wakamwekea oksijeni kama masaa mawili akazinduka, kile kidude cha kidole kikasoma 98, wakamruhusu. Sasa ni wiki ya tatu, anauliza kitu kilekile mara tatu, anaburuza miguu, halafu amekuwa na hasira wakati hakuwa hivyo. Ndugu wanasema tungemnywesha maziwa. Kuna dawa ya kulinda ubongo?

JIBU: Pole sana dada. Maziwa achaneni nayo, sumu hii huingia kwa pumzi na kukaa kwenye damu, haiko tumboni, na ukimnywesha mtu aliyezimia anaweza kupaliwa ikaenda mapafuni.

Hiyo 98 ndo inadanganya watu kila siku. Kile kidude kinamulika kidole na kusoma rangi ya damu basi, na damu iliyobeba kaboni monoksaidi, ndo hiyo gesi ya jenereta, kinaiona kama imejaa oksijeni, kwa hiyo ubongo unaweza kuwa unakosa hewa huku namba inapendeza. Kipimo chenyewe ni cha damu, ile mashine inayotofautisha hemoglobini (kile kinachobeba oksijeni kwenye damu) iliyoshikwa na gesi na ile yenye oksijeni, na hata hicho kikichukuliwa mgonjwa ameshakaa kwenye oksijeni kitasoma gesi kidogo wakati madhara yameshafanyika.

Dawa unayoulizia ni oksijeni yenyewe, ila iwe mapema na ya kutosha. Gesi hii inang'ang'ania hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu akipumua hewa ya kawaida nusu yake inatoka kwa masaa 4 hadi 5 hivi, akipewa oksijeni ya asilimia 100 kwa maski yenye mfuko, imebana vizuri usoni, inakuwa kama saa moja na nusu au pungufu, kwenye chemba ya presha, yaani chumba maalumu cha kupumulia oksijeni kwa presha kubwa, kama dakika 20 hadi 30. Vimipira vya puani havifikishi huko, na masaa mawili kwa aliyezimia mi naona ni machache. Hiyo chemba wataalamu bado wanabishania, kuna utafiti wa Marekani wa 2002 waliowekwa humo mara tatu ndani ya siku moja walipata shida chache za kumbukumbu kuliko wenzao wiki 6 baadaye, tafiti nyingine hazikuona faida, lakini kwa aliyezimia au mjamzito lazima iulizwe palepale.

Sasa huyu mdogo wako, hiyo picha inafanana sana na madhara yanayochelewa. Mtu anazinduka, anapiga stori vizuri, siku au wiki kadhaa baadaye ndo yanaanza kumbukumbu, mwendo, tabia. Gesi inawasha uvimbe unaokula utando wa mafuta unaofunika nyuzi za fahamu, na kuna sehemu za ndani kabisa za ubongo zinazoongoza mwendo huwa zinaumia. Mpelekeni kwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu wiki hii hii, aende na anayeishi naye maana mwenyewe anaweza kusema yuko poa, na tajeni gesi mwanzoni kabisa la sivyo atatibiwa msongo wa mawazo. Ataomba MRI (picha ya ndani ya ubongo) na vipimo vya kumbukumbu. Asiendeshe gari kwa sasa. Akipata degedege au akawa haamki vizuri, ni emajensi. Kidonge cha kurudisha ubongo hakuna, wengi hupata nafuu ndani ya miezi kadhaa hadi mwaka na mazoezi husaidia, wapo wanaobaki na mapungufu.

Jenereta itoke nje kabisa, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango na madirisha, kufungua dirisha tu hakutoshi. Na mliolala nyumba hiyo usiku ule, aliyeamka na kichwa kinauma au kichefuchefu naye aende akaangaliwe, hasa kama kuna mjamzito.