Suruali ya Baridi: Usidanganywe na Ulaini

Suruali yangu ya kwanza ya molskini, kile kitambaa kinene cha pamba cha kuvaa wakati wa baridi, niliinunua kwa kiganja. Niliipapasa pale ilipotundikwa, nikahisi kama nimeshika sikio la paka, basi, nikaenda kulipa. Sikuigeuza ndani, sikuivuta, hata lebo sikuisoma. Mwezi wa nne nikiwa nimechuchumaa nafunga kamba za viatu nikasikia trrrr kule msambani. Nilipoivua na kuitazama kwenye mwanga, nikaona kumbe haikupasuka kwa bahati mbaya. Kitambaa cha mapajani kilikuwa kimekwisha kitambo, kimebaki kama chandarua, nami nilikuwa natembea nacho nikijiona nimependeza.

Ya pili nimeivaa miaka sita sasa. Siku naichagua ilikuwa ngumu kiasi kwamba nilipoikunja iligoma kulala. Kati ya hizo mbili nimejifunza mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Kwanza hili jina lisikutishe. Molskini maana yake ni ngozi ya fuko, ila hakuna fuko aliyechunwa. Ni pamba. Imefumwa kwa mtindo wa satini, yaani nyuzi za mshindio (zile za kwenda kwa upana) zinaruka juu ya nyuzi kadhaa za mtande (zile za kwenda kwa urefu) kabla ya kuzama, na mshindio wenyewe unashindiliwa mpaka ukabanana kabisa. Kisha uso mmoja unasuguliwa na kupunguzwa hadi vibaki vinyweleo vifupi mno, kama malaika ya mkononi. Koduroi na mahameli ya pamba ni ndugu zake wa ukoo mmoja, isipokuwa yeye hana mistari wala hametimeti. Katika Uingereza ya karne ya 19 kilikuwa kitambaa cha vibarua wa mashambani na wajenzi wa reli. Huko Australia wachungaji wa ng'ombe walikivaa wakipanda farasi, na jeshi la Ujerumani Magharibi lilikishonea sare. Watu hao wote hawakukitafutia ulaini. Walitaka kitu ambacho upepo haupenyi na miiba haichani haraka.

Na hapo ndipo penye siri yote. Kinachokukinga na baridi ni ule ubanano wa nyuzi. Vinyweleo vinasaidia kushika hewa kidogo, lakini kazi kubwa inafanywa na mfumo ulio chini yake. Mtengenezaji mjanja anaweza kuchukua kitambaa chepesi, akakisugua sana, kikawa laini kuliko kile cha kweli. Kukisugua kupita kiasi ni kukila. Kwa hiyo suruali inayokubembeleza dukani kuliko zote ndiyo ya kuitilia shaka.

Sasa mimi hufanya hivi. Naigeuza ndani nje kwanza, kwa sababu upande wa ndani hausemi uongo. Pale nataka kuona kitambaa kilichotulia, nyuzi zimelala karibukaribu, si wavu. Halafu naunyoosha mguu mmoja wa suruali kuelekea taa. Mwanga ukipita kama kwenye pazia, suruali nairudisha. Kisha nashika kitambaa kwa vidole gumba viwili, sentimita chache mbali na mshono wa paja, navuta. Ikiwa matundu ya sindano yanafunguka na uzi unaonekana umening'inia katikati, hapo ndipo patakapopasuka, tena siku mbaya. Mwisho nasugua sehemu moja kwa kidole gumba mara ishirini hivi. Wauzaji wengine hukunja uso, wacha wakunje. Vinyweleo vikitoka na kujiviringisha vijipira, vimeshikizwa tu.

Uzito nao una maneno yake. Vitambaa hupimwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba, na wauzaji wa mtandaoni mara nyingi huandika. Suruali ya kadeti ya kawaida huwa gramu 200 hadi 270 hivi. Kwa molskini ya baridi mimi siangalii chini ya 300, na ile yangu ya miaka sita iko karibu na 400, sawa na jinzi ya kawaida. Ukizidi hapo unapata suruali ya kazi hasa, nzuri kwa anayeshinda nje kwenye upepo. Kwa mtu wa kukaa ofisini na kupanda basi lililojaa, gramu 400 ni jasho.

Kuhusu mchanganyiko wa nyuzi sina ugomvi mkubwa. Pamba tupu ndiyo chaguo langu, ila asilimia moja au mbili za uzi wa kuvutika hazidhuru, hasa kama mapaja yako yamejaa kama yangu. Kasoro yake ni kwamba uzi huo hauvumilii joto. Ukiizoesha mashine ya kukaushia, magoti yatatoka mbele na hayatarudi.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba suruali nyingi nzuri hufa kwa ajili ya mifuko. Kitambaa cha nje kinadumu, halafu mfuko wa ndani ameushona mtu kwa kijitambaa cha kufungia peremende. Funguo zinatoboa, sarafu zinateremka hadi kwenye kifundo cha mguu. Tumbukiza mkono mfukoni dukani. Ukihisi kitu kizito, kikavu, cha pamba iliyofumwa vizuri, hapo mshonaji hakubania. Tazama pia pembe za mifuko na ncha za vitanzi vya mkanda kama zimepigwa mshono wa kukaza, ule mfupi mnene wa kwenda na kurudi. Kwenye msamba natafuta mshono uliokunjwa na kupigwa mistari miwili. Zipu iwe ya chuma. Hayo mengine, sijui kifungo cha pembe sijui cha plastiki, ni mapambo.

Saizi nilikosea mara mbili. Usipime ukiwa umesimama kama askari wa gwaride. Chuchumaa, panda ngazi, kaa. Molskini mpya inabana kuliko itakavyobana baada ya wiki tatu, hivyo kiuno kikikushika kidogo usiogope, ila mapajani pawe na nafasi ya kushika kitambaa kwa vidole. Kama unavaa suruali ya ndani ya baridi, nenda nayo dukani. Na urefu jamani, urefu! Pamba nene hurudi ikifuliwa, hasa kwa urefu. Mimi nilikimbilia kwa fundi cherehani siku ileile, akakata, akapinda, ikanikaa sawasawa. Nikaifua mara moja. Kesho yake soksi zangu zikawa hadharani. Fua kwanza, kausha, ndipo ukate. Mwombe fundi aache pindo la ndani kama sentimita nne, litakusaidia baadaye.

Kufua kwenyewe si kazi. Igeuze ndani nje, maji ya baridi au yasiyozidi nyuzi joto 30, usiikamue kwa kuisokota kwa sababu mikunjo ya kusokota huacha michirizi iliyopauka. Anika kivulini. Pasi ipitie upande wa ndani, la sivyo utailaza ile malaika na kitako kitang'aa kama sufuria. Lakini usifue kila ukivaa. Brashi ya nguo inatosha kwa vumbi, ukifuata upande yalikolala manyoya. Rangi nyeusi na buluu nzito hushika kila usufi unaopita, mwenye paka anajua ninachosema. Ndiyo maana mimi ni wa kahawia na kijani cha majani makavu.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji ni mvua. Hiki kitambaa kinakunywa maji, na kikishiba kinakuwa kizito, kinaganda mapajani, kinachukua siku nzima kukauka. Kwa baridi kavu na upepo, hakuna ninachokipenda kuliko hiki. Kwa safari ya milimani penye mvua, vaa kitu kingine.

Ukikuta mtumba mzuri wa molskini, usiupite. Umesharudi ulivyotaka kurudi na umeshachuja ulivyotaka kuchuja, hivyo unachokiona ndicho utakachobaki nacho. Utazame msambani na kwenye magoti kwa taa, basi.

Ile yangu imepauka magotini ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Mwaka jana fundi aliniwekea kiraka kwa ndani ya msamba, akatumia kipande alichokata kwenye pindo, kwa hiyo hata rangi haikutofautiana. Mfuko wa kushoto ndio umeanza kutoboka tena. Nimehamishia funguo kulia.