Boti ya mbali: usafiri kwanza, bei baadaye

Umeuliza uanze na kupatana bei au kutafuta usafiri, kwa kuwa boti unayotaka kununua iko mbali. Usafiri kwanza, ndugu. Mpe mwenye lori upana na kimo cha boti ikiwa juu ya tela, siyo boti peke yake. Ikizidi upana unaoruhusiwa barabarani utahitaji kibali, na hapo gharama inaruka. Ukishaijua, ndipo umwendee muuzaji.

Arbuni iandikiwe kwamba itarudishwa ukaguzi ukionyesha kasoro. Fundi agonge tezi, pale injini inaponing'inia, kwa nyundo ndogo ya plastiki. Mlio mkavu, salama. Ukidunda kizito kama boga lililolowa, mbao za ndani zimeoza. Bei ishukie hapo, siyo kwenye rangi iliyochujuka (wengi hung'ang'ania rangi!).

Ukiivuta mwenyewe, angalia tairi za tela: tarakimu 4 za mwisho za msimbo unaoanza na DOT. 1217 ni wiki ya 12 ya mwaka 2017. Kashata (vijimeno vya tairi) zitaonekana nzima, lakini mpira umeshazeeka. Beringi nazo zitiwe grisi kabla hujaondoka.