Baba yangu si mkubwa kuliko baba yako

Wiki hii mmeuliza: ni fundisho gani la dini isiyo yako limekufanya uwaone watu wote kuwa ndugu? Mimi ni Mwislamu, na jibu langu linatoka kwa Wayahudi, katika Mishna, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi uliokamilika kwenye mwaka 200 hivi baada ya Kristo.

Sehemu yake iitwayo Sanhedrini inahusu mahakama. Humo mna onyo wanalopewa mashahidi katika kesi ambayo hukumu yake ni kifo, kabla hawajasema lolote. Wanaambiwa Adamu aliumbwa peke yake ili ijulikane kwamba anayeangamiza nafsi moja ni kama ameangamiza ulimwengu mzima. Tena aliumbwa peke yake ili mtu asije akamwambia mwenzake, "Baba yangu ni mkubwa kuliko baba yako." Binadamu akigonga sarafu nyingi kwa muhuri mmoja, zote hufanana, lakini Mungu kawapiga watu wote muhuri wa Adamu, na hakuna anayefanana na mwenzake.

Waislamu wenzangu watakumbuka sura ya Al-Maida katika Kurani, aya ya 32, inayosema wazi kuwa Wana wa Israili waliandikiwa hivyo kuhusu anayeua nafsi moja.

Mimi hunigusa zaidi mahali maneno haya yanaposemwa: mbele ya mtu ambaye ulimi wake unaweza kumuua mwenzake. Ni kweli, zipo nakala za Mishna zisemazo "nafsi moja katika Israeli". Lakini sababu inayotolewa ni Adamu, na Adamu hakuwa na kabila.

Katika karne ya 2 Rabi Akiva alisema kanuni kuu ya Torati ni "umpende jirani yako kama nafsi yako". Ben Azai, mwanazuoni mwenzake, akasema ipo kuu zaidi, Mwanzo 5:1: "Hiki ndicho kitabu cha vizazi vya Adamu", mstari unaoendelea kutaja kwamba mtu alifanywa kwa sura ya Mungu.

Mimi niko upande wa Ben Azai. Mapenzi hupungua mtu akikuudhi, nasaba haipungui. Jirani tunayegombania mpaka wa shamba ni mtoto wa Adamu vilevile, na nikisimama kwenye baraza la kata kueleza aliyonitendea, sina ruhusa ya kumwongezea hata neno moja.